Kabla ya kuchapisha ngozi, chapisha hamira

Wanafunzi wa uhandisi wa tiba wanaopita katika maabara ninakofanya kazi hapa Kampala huja na picha ya sikio. Wameliona kwenye simu, sikio zima lililochapishwa na mashine, na wanataka kujua lini na sisi tutachapisha la kwetu. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Maisha yangu ya kazi yamekuwa damu, hadubini na kuhesabu seli. Kwa hiyo huwauliza: seli zilizomo ndani ya sikio hilo, ni ngapi zilizobaki hai baada ya kupita kwenye sindano? Umbo utalipata kwa printa yoyote. Kazi yenyewe ni kuzitoa seli zikiwa hai na kuwa na namba ya kuonyesha.

Nitaeleza hapa namna ya kujifunza kazi hiyo kwa vifaa vinavyopatikana Uganda, bila kugusa seli za binadamu. Utahitaji printa ya mezani ya plastiki, hata iliyochakaa, hamira ya mkate, ambayo ni seli hai, unga wa alginati unaotengeneza jeli, jelatini na hadubini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza. Mwalimu wa sekondari mwenye maabara ya wastani anaweza pia.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu mahali fani hii ilipofika, maana mitandaoni mambo yamechanganywa. Mwaka 1988 Robert Klebe alitumia printa ya wino ya kawaida kupanga protini ambazo seli hushika. Mwaka 2003 Thomas Boland, katika Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, akaonyesha kwamba printa ya aina hiyo inaweza kurusha seli zenyewe zikabaki hai. Mwaka 2016 kundi la Anthony Atala katika Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, lilichapisha gegedu lenye umbo la sikio, mfupa na msuli, na kuvipandikiza kwa wanyama. Mwaka 2019 Tel Dvir na wenzake wa Tel Aviv walichapisha moyo mdogo kama wa sungura. Seli zake zilikuwa zinajikunja, lakini haukuwa moyo wa kusukuma damu. Mwaka 2022 kampuni ya 3DBio Therapeutics ilitangaza kwamba mwanamke mmoja Marekani amepandikizwa sikio lililochapishwa kutokana na seli za gegedu lake mwenyewe. Vile vibofu vya mkojo vya Atala vilivyoandikwa mwaka 2006, ambavyo kila mtu huvitaja, havikuchapishwa. Vilijengwa kwa mkono juu ya kiunzi.

Figo lililochapishwa na kufanya kazi ndani ya mtu, hakuna. Hapa kwetu upandikizaji wa kwanza wa figo ulifanyika hospitali ya Mulago Desemba 2023, na mgonjwa bado anahitaji mtu mwingine wa kumpa. Ngozi iko karibu zaidi kwa sababu ni nyembamba. Ukitaka kujua kwa nini nalitilia maanani jambo hili, nenda wodi ya majeraha ya moto ya hospitali ya Kiruddu uone watoto waliomwagikiwa na chai au uji. Ngozi ya kuwafunika hutolewa pajani mwao wenyewe, na mtoto aliyeungua sana hana paja la kutoa.

Mashine

Ondoa kichwa cha kuyeyushia plastiki. Mahali pake weka pampu ya sindano, yaani bomba la mililita 10 linalosukumwa na mota ya stepa, ile inayozunguka kwa hatua ndogondogo, kupitia skrubu ndefu. Usianze kubuni. Maabara ya Adam Feinberg, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, imetoa bure michoro ya pampu iitwayo Replistruder, na vipande vyake vingi unavichapisha kwa plastiki kwa printa hiyohiyo kabla hujaifungua kichwa. Zingatia mpangilio huo: chapisha vipande kwanza, fungua baadaye.

Vyuma mimi huchongesha kwa mafundi wa Katwe, hapa Kampala. Mzee aliyenitengenezea bamba la kushikia mota aliniuliza, "Hajati, hii inasukuma nini?" Nikamwambia jeli, polepole sana, milimita moja kwa dakika mbili na ushee. Akanyamaza kidogo, akaitoa nati ya chuma niliyomletea, akaweka ya shaba ya manjano, ile wanayotumia kwenye koki. Akasema chuma juu ya chuma kwa mwendo huo itakwama halafu iruke. Ndivyo ilivyo, na kila mruko utauona kwenye uzi wa jeli kama fundo. Mpe fundi wako mwendo, usimpe mchoro peke yake.

Mwendo huo unapigiwa hesabu hivi. Sindano butu ya geji 22 ina tundu la milimita 0.41. Uzi wa jeli wa upana wa 0.4 una eneo la mkato la kama milimita mraba 0.126. Kichwa kikitembea milimita 10 kwa sekunde, unahitaji milimita za ujazo 1.26 kila sekunde. Pima kipenyo cha ndani cha bomba lako kwa kaliba, usiamini maandishi ya boksi. Tuseme ni milimita 15, eneo lake ni karibu 177. Gawanya 1.26 kwa 177, unapata milimita 0.007 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya pistoni. Kwa hiyo chagua skrubu yenye hatua ndogo. Skrubu inayosogea milimita 2 kwa mzunguko, na mota ya hatua 200 iliyogawanywa kwa 16, inakupa hatua 1,600 kwa kila milimita. Inatosha.

Jambo moja la programu huwakwamisha wengi. Printa nyingi huendeshwa na programu iitwayo Marlin, na Marlin hukataa kusukuma kitu kichwa kikiwa baridi, kwa kuwa inadhani bado kuna plastiki. Tuma amri M302 P1 ndipo ikubali. Kisha weka hatua zako kwa M92 E1600 na uhifadhi kwa M500.

Sindano iwe ya kufungwa kwa kuzungushwa, si ya kuchomekwa tu. Shinikizo likipanda, ya kuchomekwa huruka.

Wino

Wino wetu ni jeli itakayobeba seli, ya alginati na jelatini. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia. Msomaji wa Unguja ataniuliza kuhusu mwani wa Paje na Jambiani. Ule ni mwani mwekundu, na jeli yake ni karagini, kitu kingine chenye tabia nyingine. Usiubadilishe humu. Nunua alginati ya sodiamu kwa wauzaji wa kemikali za maabara, au ile ya daraja la chakula ambayo waokaji wa keki huagiza.

Jelatini nayo, soma boksi. Iko ya ng'ombe na iko ya nguruwe, na boksi lisilosema lirudishe dukani. Mimi natumia ya ng'ombe, na ninawasisitizia wanafunzi wangu waandike hivyo kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Siku tishu hizi zitakapofika wodini, mgonjwa Mwislamu wa Kibuli au wa Bombo atauliza kabla ya kutia sahihi, na ni haki yake kupata jibu lililoandikwa.

Pasha mililita 90 za maji yaliyokenekwa hadi nyuzi 50. Maji ya bomba yana kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayogandisha alginati, kwa hiyo yatakupa madonge kabla hujaanza. Nyunyiza gramu 4 za jelatini, koroga mpaka maji yawe safi. Kisha gramu 3 za alginati, kidogokidogo juu ya maji yanayozunguka, usimwage zote. Itakuwa nzito na itajaa mapovu. Funika, acha usiku kucha mahali pa vuguvugu ili mapovu yapande. Povu moja ndani ya bomba linatosha kukata uzi katikati ya kazi.

Sasa suala la joto la kwetu. Jelatini huanza kulegea kadiri unavyokaribia nyuzi 30, na mchana wa Kampala chumba kisicho na kipooza hewa hufika 27 au 28. Vitabu vya ughaibuni husema "chapisha katika joto la chumba" wakimaanisha nyuzi 20. Chapisha asubuhi mapema, au uweke bomba lililojaa kwenye friji dakika kumi na tano. Kipimo changu ni cha mkono: sukuma tone moja kwenye ncha ya sindano. Likidondoka, wino ni wa moto. Likitoka limekatikakatika, umepoa kupita kiasi. Likining'inia kama uzi wa sentimita moja au mbili bila kukatika, kama uji wa ulezi uliolala, anza. Walioko Gulu au Arua watahitaji mfuko wa barafu umefungwa kwenye bomba lenyewe.

Hamira

Chukua gramu 0.1 ya hamira kavu, itie kwenye mililita 10 za maji ya nyuzi 35 hadi 40, acha dakika kumi na tano. Usitumie maji baridi. Hamira kavu ikiamshwa kwa maji baridi utando wake huvuja na nyingi hufa kabla hujazitumia. Usitie sukari pia, ingawa kila mpika maandazi atakuambia utie. Ukiipa sukari itaanza kutoa gesi ndani ya bomba, nawe utarudi kwenye shida ya mapovu.

Wino ukishashuka hadi nyuzi 35, mimina hamira ndani, changanya taratibu kwa kijiko cha plastiki. Sasa una mililita 100 zenye kiasi cha seli milioni kumi kwa kila mililita. Jaza bomba, litoe hewa, lipoze.

Hamira ina ukuta mgumu ambao seli ya mtu haina. Kwa hiyo namba utakazopata zitakuwa nzuri kuliko zile ambazo seli za ngozi zingekupa kwa sindano hiyohiyo. Unachofundishwa na hamira ni mkono na hesabu, na vyote viwili utavihitaji vilevile mbele ya safari.

Kuchapisha

Umbo la kwanza liwe wavu wa milimita 20 kwa 20, nyuzi zikiachana milimita 2, tabaka nne, kila tabaka 0.35. Achana na masikio. Wavu una sababu yake: oksijeni na chakula hupenya ndani ya tishu kwa kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.2 tu. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo na mshipa wa damu au na maji ya lishe hufa. Uzi wako una upana wa 0.4, maana yake seli ya katikati kabisa iko 0.2 kutoka nje. Uko ukingoni mwa kinachowezekana, na tayari unaelewa kwa nini figo halijachapishwa.

Chapisha juu ya sahani ya petri. Mashine itamaliza kwa dakika moja na nusu hivi. Kabla ya kuumwagia wavu kitu chochote, upulizie ukungu wa kloridi ya kalsiamu kwa chupa ya kupulizia kama za manukato, uushike uso wake. Subiri nusu dakika, kisha mimina maji hayohayo ya kalsiamu pembeni mwa sahani mpaka yaufunike, uache dakika tano. Kipimo ni gramu 1.1 kwa mililita 100 ikiwa kemikali yako ni kavu kabisa, gramu 1.5 ikiwa ni ile yenye maji mawili, lebo itakuambia. Ukimimina moja kwa moja juu, utaona nyuzi zikisogea na kulala.

Usioshe kwa PBS, yale maji ya chumvi na fosfeti ya kuoshea seli, hata kama ndiyo chupa iliyo karibu. Fosfeti iliyomo hukamata kalsiamu, maji huwa na utusitusi, na wavu hulegea mbele ya macho yako.

Chapisha wavu kadhaa. Mmoja uweke kwenye maji ya sukari ya asilimia 2 yenye chembe ya kloridi ya kalsiamu, mahali pa joto. Baada ya saa chache utaona vipovu vidogo vimenasa ndani ya nyuzi, na ukiuacha sana gesi itaupasua. Wanafunzi hufurahi hapa, na wana haki, lakini vipovu hivyo havikuambii asilimia.

Kuhesabu

Sehemu hii ndiyo niliyoandikia yote ya juu, na ndiyo inayorukwa.

Andaa sitrati ya sodiamu, gramu 2 kwa mililita 100 za maji. Sitrati huichukua kalsiamu kutoka kwenye alginati, na jeli hurudi kuwa maji. Tia wavu mmoja kwenye mililita 1 ya sitrati, tikisa polepole dakika kumi mpaka usione uzi wowote. Ukiona vipande vya jelatini vinang'ang'ania, pasha hadi 35. Wavu una kama mililita 0.1, kwa hiyo umeshazimua seli karibu mara kumi na moja, kiasi kinachofaa kuhesabika.

Chukua tone la hayo, changanya na tone sawa la bluu ya methilini ya asilimia 0.02. Subiri dakika tano. Seli iliyo hai huiondoa rangi hiyo na kubaki nyeupe. Iliyokufa haina uwezo huo, hubaki buluu iliyokoza. Usizidishe dakika kumi, maana hata zilizo hai zitaanza kuchafuka na utaziandika maiti. Weka kwenye chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba ya kuhesabia seli, kuza mara 400, hesabu miraba minne ya pembeni. Chipukizi lililofika nusu ya mama yake lihesabu kama seli. Dogo zaidi, liache. Fika seli 300 kabla hujaandika asilimia. Tuseme 276 ni nyeupe: hiyo ni asilimia 92.

Asilimia 92 ya nini, hapo ndipo penye ugomvi. Hamira yenyewe kutoka kwenye pakiti si hai yote. Kwa hiyo sampuli ni tatu. Ya kwanza ni hamira kabla ya kuingia kwenye wino. Ya pili ni wino uliokaa ndani ya bomba muda uleule ukisubiri, ukautoa nyuma kwa kijiko bila kupita kwenye sindano. Ya tatu ni wavu uliochapishwa. Na ile ya pili lazima ipite kalsiamu na sitrati kwa dakika zilezile kama ya tatu, ili tofauti iliyobaki kati yao iwe ni sindano tu. Ukiruka hilo, utailaumu sindano kwa makosa ya kemikali, au uisifu kwa kazi ambayo haikufanya.

Mtu mmoja achapishe, mwingine ahesabu bila kujua chupa ipi ni ipi. Aliyechapisha macho yake huona nyeupe nyingi. Si uongo, ni upendo wa kazi, na dawa yake ni kumpa daftari mwenzake.

Ukishapata namba tatu zinazorudiana siku mbalimbali, ndipo ubadilishe kitu kimoja. Weka sindano ya geji 25, tundu la 0.26. Uzi utakuwa mzuri zaidi, mwembamba, na seli itakuwa na njia fupi ya chakula. Lakini shinikizo litapanda, na msuguano kwenye kuta za sindano ndio unaochana seli. Hesabu tena. Mvutano huo, uzi mwembamba dhidi ya seli nzima, ndio unaowashughulisha watu wa fani hii kila mahali, na wewe sasa una namba zako mwenyewe ndani yake.

Ukitaka kwenda mbele

Maumbo yanayoning'inia, kama mrija au valvu, hayasimami hewani. Kundi la Feinberg lilitoa njia yake mwaka 2015: unachapisha ndani ya beseni la chembechembe za jelatini zenye kalsiamu, zinaushika uzi popote ulipowekwa, kisha unapasha hadi 37 na jelatini inayeyuka na kuondoka. Katika joto letu beseni hilo lazima likae baridi muda wote wa kuchapisha.

Seli za wanyama na za watu ni mlango mwingine. Zinataka kabati la hewa safi, kabati la joto la nyuzi 37 lenye kaboni dayoksidi ya asilimia 5, na umeme usiokatika. Alginati uliyoisafisha kwa mvuke wa nyuzi 121 huwa nyepesi kuliko awali, kwa hiyo utarudi kupima tone upya. Usichukue seli za mtu yeyote, hata zako mwenyewe, hata kipande cha ngozi kilichotupwa chumba cha upasuaji, bila idhini. Uganda ina sheria ya mwaka 2023 inayosimamia uchangiaji na upandikizaji wa viungo, seli na tishu. Utafiti unaohusu watu huanzia kwenye kamati ya maadili ya taasisi, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kitakachofika kujaribiwa kwa mgonjwa kitapita pia Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Tafuta maabara yenye kabati hizo tayari, Makerere, Mbarara au kwingineko, uombe kufanya kazi chini ya mtu aliyeidhinishwa. Kwenye barua ya maombi ambatisha jedwali lako la hamira: sampuli tatu, geji mbili, tarehe, joto la chumba, jina la aliyechapisha na jina la aliyehesabu. Picha ya wavu iache nyumbani isipokuwa wakikuomba.